Kujisemea, Kurudia Usemi na Kujisimulia: Istilahi za Usemi wa Watu Wenye Usonji

Miongoni mwa kazi zilizoletwa katika dawati letu la istilahi ilikuwamo hojaji ya kurasa nne, iliyotungwa kwa Kiingereza kwa ajili ya wazazi na walimu wa watoto wenye usonji. Kazi yenyewe ilionekana nyepesi: maswali mafupi, na majibu ya "ndiyo" au "hapana". Swali mojawapo lilitaka kujua kama mtoto hurudia maneno aliyoyasikia kwa wengine, na kama husema maneno ambayo hayamlengi mtu yeyote aliye karibu. Katika rasimu yetu ya kwanza tuliandika hivi: "Je, mtoto hupayuka au husema peke yake?" Rasimu hiyo ilipopelekwa kwa walimu wachache ili waisome, mmoja wao aliirudisha akiwa ameandika pembeni mwa swali hilo, kwa wino mwekundu: "Mzazi gani atajibu ndiyo?"

Mwalimu huyo hakukosea. Kupayuka, kwa mazoea ya wasemaji wa Kiswahili, ni kusema ovyo bila ya kufikiri, au kutoa hadharani jambo lililopaswa kufichwa. Kusema peke yake, nako, ni dalili ambayo watu mitaani huwa wepesi kuihesabu kuwa ni wazimu. Kwa hiyo swali letu halikuuliza. Lilitoa hukumu, kisha likamtaka mzazi aitie sahihi. Mzazi asiyetaka kumwaibisha mwanawe angejibu "hapana", na mtaalamu ambaye angeisoma hojaji baadaye angeamini kwamba mtoto hana tabia hiyo. Hivyo kosa la mfasiri lingegeuka kuwa kosa la tathmini, na hasara ingekuwa ya mtoto.

Makala haya yanakusudia kueleza dhana zilizomo katika swali lile, kuyapima maneno ambayo Kiswahili tayari kinayo, na kupendekeza istilahi zitakazowafaa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wanaoandika au kutafsiri nyaraka za namna hii. Msimamo wetu ni mmoja, nao utaonekana katika kila sehemu: istilahi inayotaja tabia ya mtu haina budi kutaja kile kinachoonekana au kusikika, na kuuachia uchunguzi kazi ya kusema kina maana gani.

1. Kujisemea ni jambo la watu wote

Kabla ya kutafuta neno hatuna budi kuielewa dhana. Mtu anayehesabu fedha kwa sauti ya chini, mpishi anayejikumbusha kwamba chumvi bado, na mwanafunzi anayenong'ona hatua za hesabu kabla ya kuandika jibu, wote wanafanya jambo moja. Wanasema, na anayekusudiwa kusikia ni wao wenyewe. Watoto wadogo hufanya hivyo waziwazi zaidi kuliko watu wazima.

Mwaka 1923 Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi, alichapisha kitabu kuhusu lugha na fikra za mtoto. Aliyachunguza maneno ya watoto wa shule moja ya wadogo mjini Geneva, akaona kwamba, kwa wavulana wawili wenye umri wa miaka sita, karibu nusu ya semi zao hazikumlenga msikilizaji yeyote. Kwa maoni yake, usemi wa aina hiyo ulionyesha kwamba mtoto bado hajaweza kujiweka mahali pa mwenzake, na kwamba ungefifia kadiri anavyokua.

Lev Vygotsky, mtaalamu wa Kirusi, aliipinga rai hiyo katika kitabu kilichotoka mwaka 1934, mwaka uleule aliofariki. Yeye na wenzake waliwaacha watoto wachore, kisha kwa makusudi wakawawekea vikwazo: karatasi ilikosekana, au penseli ya rangi iliyohitajika haikuwapo. Penye kikwazo, kujisemea kuliongezeka karibu mara mbili. Anamtaja mtoto wa miaka mitano na nusu aliyekuwa akichora gari la reli za mjini. Ncha ya penseli ilivunjika alipokuwa akilizungusha gurudumu. Mtoto akajinong'onea kwamba limevunjika, akaiweka penseli kando, akachukua rangi za maji, na kuanzia hapo akachora gari lililopata ajali, huku akiendelea kujisemea. Neno alilojiambia lilimwonyesha njia ya kuendelea na kazi. Vygotsky alifikia uamuzi kwamba usemi huu haufi mtoto anapokua. Huingia ndani, ukawa ule ambao mtu mzima huutumia kufikiri bila ya kutoa sauti.

Aidha, mwaka 1962 Ruth Weir alichapisha uchunguzi wa maneno ya mwanawe mwenyewe, mtoto wa miaka miwili na nusu hivi, yaliyorekodiwa usiku mtoto alipokuwa peke yake kitandani kabla ya kupatwa na usingizi. Mtoto huyo, asiye na usonji, aliyarudia maneno, akayabadilisha moja baada ya jingine, akajifunza lugha bila ya mwalimu wala msikilizaji.

Kutokana na hayo twaweza kusema kwa yakini kwamba kujisemea si ugonjwa. Istilahi yake, basi, isitolewe katika msamiati wa magonjwa au wa wazimu. Itakapotumika kwa mtu mwenye usonji, iwe ileile itumikayo kwa watu wengine wote.

2. Nafsi, ubinafsi na usonji

Usonji ni hali ya makuzi ya ubongo inayoanza mapema utotoni na kudumu maishani. Huathiri namna mtu anavyowasiliana na kuhusiana na wengine, na huambatana na tabia za kurudiarudia au upendeleo mkubwa wa mambo machache. Istilahi ya hali hii katika lugha za Ulaya iliundwa kutokana na neno la Kigiriki "autos", maana yake "mwenyewe". Eugen Bleuler, daktari wa Uswisi, aliianzisha mwanzoni mwa karne ya 20 ili kueleza jinsi baadhi ya wagonjwa wake wa akili walivyojitenga na mambo yaliyowazunguka. Mwaka 1943 Leo Kanner, wa Hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, aliitumia alipowaeleza watoto 11 ambao hali yao aliiona kuwa ya pekee. Mwaka uliofuata Hans Asperger, wa Vienna, Austria, alichapisha maelezo yaliyokaribiana na hayo.

Mfasiri anayefuata asili ya neno la Ulaya huingia katika mtego hapa. "Mwenyewe" na "nafsi" humpeleka moja kwa moja kwenye "ubinafsi", na ubinafsi katika Kiswahili ni uchoyo: ni kujali maslahi yako na kuwasahau wenzako. Msomaji aliyekua akisikia ubinafsi ukikemewa shuleni na katika mikutano ya hadhara hawezi kuusoma kama neno lisilo na lawama. Ni bahati njema kwamba neno "usonji" limekubalika Tanzania na Kenya, katika hospitali, shule na vyombo vya habari, nalo halibebi lawama hiyo. Lakini mtego haujaondoka, kwa kuwa istilahi ya Piaget ya usemi wa watoto nayo imejengwa juu ya dhana ya nafsi. Wakiutafsiri kuwa "usemi wa kibinafsi", wafasiri watakuwa wamemfanya mtoto wa miaka sita mchoyo kwa sababu tu alijisemea wakati akichora.

Nafsi ina maana ya pili inayotuhusu. Katika sarufi yetu, nafsi ya kwanza ni msemaji, ya pili ni msemeshwa, ya tatu ni anayesemwa. Kanner aliona kwamba watoto aliowachunguza waliyarudia maneno ya nafsi kama walivyoyasikia, hata wakajitaja kwa neno ambalo wengine hulitumia kuwasemesha. Vitabu vya Kiingereza hulieleza jambo hilo kuwa ni kugeuza viwakilishi. Tafsiri ya neno kwa neno haitamfaa mwalimu wa Kiswahili, kwa sababu katika lugha yetu nafsi kwa kawaida hukaa ndani ya kitenzi. Mtoto aliyezoea kuulizwa, "Unataka uji?", akisema "Unataka uji" kwa maana ya kwamba yeye ndiye autakaye, hakutumia kiwakilishi chochote kilicho neno kamili. Kilichobaki bila ya kubadilishwa ni kiambishi "u-", mahali ambapo tungetazamia "ni-". Mwalimu aliyeambiwa atafute "mimi" na "wewe" hataona kitu, na ataandika kwamba dalili haipo. Kwa hiyo tunapendekeza "mgeuko wa nafsi ya kisarufi", na maelezo yake yataje viambishi waziwazi. Tumeongeza "ya kisarufi" makusudi, ili asije mtu akadhani kwamba kilichogeuka ni nafsi ya mtoto.

3. Kurudia maneno yaliyosikiwa

Watu wengi wenye usonji, hasa utotoni, hurudia maneno au sentensi nzima walizozisikia. Pengine hufanya hivyo papo hapo. Pengine baada ya saa, siku au miaka. Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, katika toleo la tano la mwongozo wake wa uainishaji, la mwaka 2013, kimeutaja urudiaji huu miongoni mwa mifano ya tabia za kurudiarudia zinazoangaliwa katika kuutambua usonji. Ndiyo maana jibu la hojaji lina uzito: linaingia katika uamuzi wa kitaalamu.

Kwa muda mrefu wataalamu wengi waliuona urudiaji huu kuwa ni sauti tupu. Hata hivyo Kanner mwenyewe, katika makala ya mwaka 1946, alieleza kisa cha mtoto wa miaka mitano aliyesikika akikataza mbwa asitupwe kutoka roshani. Mahali hapo hapakuwa na mbwa wala roshani. Ilipoulizwa habari yake ikajulikana kwamba miaka mitatu nyuma, katika hoteli moja ya London, mtoto huyo alikuwa akimtupa chini mbwa wake wa kuchezea, na mama yake, alipochoka kumfuata, alimkanya kwa maneno hayohayo. Tangu siku hiyo, kila aliposhikwa na hamu ya kutupa kitu chochote, mtoto aliyasema maneno ya mama yake ili kujizuia.

Kisa hiki kinastahili kufikiriwa na kila mfasiri. Aliyekuwapo siku hiyo, akiwa hajui habari ya hoteli, angeandika kwamba mtoto anapayuka. Anayeijua anaona mtoto anayejikanya, na anajikanya kwa adabu aliyofundishwa na mama yake. Maneno ni yaleyale; tofauti imo katika kujua yalikotoka.

Utafiti wa baadaye uliuendeleza mwelekeo huo. Mwaka 1981 Barry Prizant na Judith Duchan waliuchunguza urudiaji wa papo hapo wa watoto wanne wenye usonji, wakaugawa katika makundi saba kwa kufuata kazi unayoifanya. Mtoto aliweza kurudia ili kushika zamu yake katika mazungumzo, kukubali, kuomba, au kujiongoza katika tendo. Mwaka 1984 Prizant na Patrick Rydell waliuchunguza urudiaji wa baadaye, wakataja kazi 14. Hawakusema kwamba kila urudiaji una kusudi. Walionyesha kwamba haifai kuamua mapema kuwa hauna.

Sasa tuyapime maneno tuliyo nayo. "Kukasuku", na "kusema kama kasuku", yanaeleweka haraka, lakini kasuku husifiwa na kudharauliwa kwa jambo moja: husema asichokijua. Neno hili tunalikataa. "Kukariri" linakaribia, ila katika shule zetu limekwisha kupata maana ya kumeza masomo bila ya kuyaelewa. "Takriri" ni mali ya wahakiki wa ushairi, na "uradidi" limetwaliwa na wanaisimu kwa maneno ya mfano wa "polepole". Kuyaongezea maana nyingine ni kuwavuruga wanafunzi. "Mwangwi" ni neno zuri, na lina uhusiano na istilahi ya Ulaya, ambayo imetokana na neno la Kigiriki la mwangwi. Hata hivyo mwangwi hutoka kwenye jabali au pango, mahali pasipo na mtu. Hukumu ileile ya sauti tupu imo ndani yake.

Limebaki "ekolalia", lililotoholewa. Halimlaumu mtu, lakini pia halimwelezi mzazi chochote. Twaona libaki katika majalada ya kitabibu, na kwa matumizi ya shule, hojaji na barua za serikali tutumie "kurudia usemi", ambalo jina lake la tendo ni "urudiaji usemi". Aina zake mbili ziwe "urudiaji wa papo hapo" na "urudiaji wa baadaye". Maneno haya hayana pambo, nayo yanataja kilichosikika na kuishia hapo.

4. Kujisemea na usemi wa moyoni

Kwa dhana ya kusema maneno ambayo mlengwa wake ni msemaji mwenyewe, tulifikiria maneno manne. "Usemi wa faragha" ni tafsiri ya moja kwa moja ya istilahi inayotumika sana katika Kiingereza, nayo inapotosha: faragha ni mahali pa siri, ilhali mtoto hujisemea katikati ya darasa lenye wenzake arobaini. "Kusema peke yake" tumekwisha kuona kasoro yake. "Kujiambia" ni sahihi kisarufi, lakini halionyeshi kama sauti ilitoka au haikutoka. Mtu huweza kujiambia jambo huku midomo imefumba. "Kujisemea" hudokeza sauti, na ndilo tunalolipendekeza.

Hatufichi kwamba "kujisemea" lina udhaifu. Katika mazungumzo ya kila siku, "anajisemea tu" ni maneno ya kumpuuza mtu: asema asilo na hakika nalo, usimjali. Lakini ukilitazama vizuri utaona kwamba dharau imo katika "tu", wala haimo katika kitenzi. Mfasiri ajihadhari na neno hilo dogo. "Mtoto hujisemea anapopanga vibao" ni taarifa. "Mtoto hujisemea tu" ni uamuzi.

Kwamba taarifa hiyo ina thamani kumeonyeshwa na utafiti. Mwaka 2007 Adam Winsler na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuwachunguza watoto wenye usonji wanaomudu kusema, walipokuwa wakifanya kazi za kutatua matatizo. Watoto hao walijisemea, maneno yao yalihusiana na kazi iliyokuwa mbele yao, na walielekea kupata majibu sahihi zaidi walipojisemea kuliko waliponyamaza. Mwalimu anayemwamuru mtoto kama huyo anyamaze ili kazi iende huenda anamnyang'anya chombo cha kufanyia kazi hiyo.

Usemi ule unaobaki ndani huitwa katika lugha nyingi za Ulaya "usemi wa ndani". Kiswahili kina lake. Katika hadithi zetu mtu hasemi ndani, husema moyoni. Tunapendekeza "usemi wa moyoni". Madaktari wameweza kutuuliza kama moyo hautachanganywa na kiungo kisukumacho damu. Jibu letu ni kwamba msemaji wa Kiswahili hajawahi kudhani kwamba anayehifadhi jambo moyoni amelitia katika mishipa yake.

Lakini istilahi hii isitumike kwa maana ya kufikiri kote. Kuwaza ni kupana kuliko kusema moyoni. Temple Grandin, profesa wa elimu ya wanyama wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, Marekani, ambaye mwenyewe ana usonji, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1995 kwamba yeye hufikiri kwa picha, na kwamba maneno kwake ni kama lugha ya pili. Mwaka 2012 David Williams na wenzake wa Uingereza waliandika kuhusu watu wazima wenye usonji waliopewa majaribio mawili. Katika jaribio la kukumbuka, walitumia usemi wa moyoni kama watu wengine. Katika jaribio la kupanga hatua za kazi, walitakiwa kurudia neno moja kwa sauti ili usemi wa moyoni uzibwe; watu wa kundi la kulinganishia walitatizika, lakini wengi wa wale wenye usonji hawakutatizika. Inaelekea kwamba katika kupanga walitumia njia nyingine. Kwa hiyo hojaji inayomwuliza mtu mzima mwenye usonji "unasema nini moyoni?" badala ya "unawaza vipi?" imekwisha kumfungia mlango mmoja.

5. Kujisimulia

Dhana ya mwisho ni ile ya hadithi ambayo mtu hujitungia na kujihadithia, kwa sauti au moyoni. Hapa sarufi yetu inatusaidia. Kitenzi "-simulia" humchukua msikilizaji kuwa yambwa: bibi aliwasimulia wajukuu. Basi anayejisimulia ni msimulizi na msikilizaji kwa wakati mmoja. Anayeeleza habari za maisha yake kwa wengine hatumiti neno hili. Yeye husimulia habari zake, na akiziandika huwa ametunga tawasifu. Kwa desturi yetu hadithi haianzi kabla ya "Paukwa!" kuitikiwa "Pakawa!" Katika kujisimulia, anayeita ndiye anayeitika.

Neno lililo tayari mdomoni mwa wengi ni "ndoto za Alinacha". Asili yake ni mwuza vyombo vya kioo wa Alfu Lela Ulela, aliyejiona katika mawazo yake amekuwa tajiri na mume wa binti waziri, akarusha teke la majivuno na kuvivunja vyombo vyake vyote. Msemo huu una utamu wake, lakini umekusudiwa kuonya. Ukiutumia katika ripoti ya shule utamwambia mzazi kwamba mwanawe ni mvivu anayetamani asichoweza kukipata.

Tuone kisa kinachojulikana hadharani. Mwandishi wa habari wa Marekani, Ron Suskind, alichapisha mwaka 2014 kitabu kuhusu mwanawe Owen, na filamu yake ikatolewa mwaka 2016. Owen aliacha kusema alipokaribia umri wa miaka mitatu. Kwa muda alirudia sauti moja isiyoeleweka, hata mama yake alipogundua kwamba yalikuwa maneno ya filamu ya katuni ya *The Little Mermaid*, kutoka sehemu ambapo mchawi anamtaka binti samaki alipe kwa sauti yake. Mtoto aliyepoteza usemi wake alikuwa akirudia maneno ya habari ya sauti kutolewa. Baadaye familia ilizungumza naye kwa maneno ya filamu hizo, kila mmoja akishika nafasi ya mhusika fulani, na usemi wake ukarejea hatua kwa hatua. Alipokua alitunga hadithi yake mwenyewe, ambayo ndani yake mvulana anakaa na wahusika wadogo, wale wanaomsaidia shujaa afike mwisho wa safari lakini wao wasiwe mashujaa, naye anakuwa mlinzi wao.

Katika kisa hiki dhana zetu zinaonekana kwa utaratibu: urudiaji wa baadaye, kisha mazungumzo, kisha kujisimulia kunakotoka nje na kuwa hadithi ya kusomwa na wengine. Haifuati kwamba kila mtoto mwenye usonji atapita njia hiyo. Wako wasiosema kabisa, na wako wasiovutwa na hadithi. Wako pia watu wazima wenye usonji wanaoeleza kwamba kabla ya kwenda benki au kazini hujisimulia mazungumzo yote yatakayokuja, swali kwa jibu, ili wasishtukizwe. Lakini palipo na tabia hizo, ripoti iliyoandikwa "anaota ndoto za Alinacha" isingeacha njia ya kuzifuatilia.

6. Mapendekezo

Tunaziweka istilahi hizi mbele ya wasomaji ili zipimwe:

(a) Kujisemea: kusema kwa sauti inayosikika, hata ikiwa ya chini, maneno ambayo mlengwa wake ni msemaji mwenyewe.

(b) Usemi wa moyoni: maneno ambayo mtu hujiambia bila ya kutoa sauti. Ni sehemu ya kuwaza, wala si kuwaza kote.

(c) Kurudia usemi. Urudiaji usemi: kusema tena maneno au sentensi zilizosikiwa kwa wengine. Urudiaji wa papo hapo hufuata mara baada ya kusikia. Urudiaji wa baadaye huja baada ya muda. Katika majalada ya kitabibu: ekolalia.

(d) Mgeuko wa nafsi ya kisarufi: kutumia kiambishi au kiwakilishi cha nafsi moja mahali pa nyingine, kwa mfano "unataka" kwa maana ya "nataka".

(e) Kujisimulia: kujitungia au kujihadithia kisa, kwa sauti au moyoni. Kisa chenyewe kikibaki ndani kiitwe hadithi ya moyoni.

Maneno ambayo tunaomba yaepukwe katika nyaraka rasmi ni kupayuka, kuweweseka, kukasuku, kusema peke yake na ndoto za Alinacha. Hatuyafukuzi katika lugha. Yana kazi yake kwingine.

Kwa kufuata mapendekezo hayo, swali lile la hojaji sasa limegawanywa mara mbili. La kwanza linasema: "Je, mtoto hurudia maneno au sentensi alizozisikia kwa watu, redioni au katika filamu? Kama ndiyo, huzirudia wakati gani?" La pili linasema: "Je, mtoto hujisemea anapocheza au anapofanya kazi? Tafadhali yaandike maneno yake kama alivyoyasema." Chini ya kila swali tuliacha mistari mitatu.

Mwalimu yule aliyetusahihisha alipopelekewa rasimu ya pili, aliirudisha ikiwa na wino mwekundu mahali pamoja tu. Aliomba mistari iongezwe, kwa kuwa mitatu haitoshi.

Tunakaribisha maoni ya wafasiri, walimu, madaktari na wazazi, na hasa ya watu wenye usonji wenyewe, ambao maneno haya yanawahusu kuliko yanavyotuhusu sisi.